Atakayekutwa Kazini

Jumapili, 6 Oktoba

Nimeamua. Kuanzia leo nitakuwa kazini wakati wote!

Mchungaji Obadia amehubiri juu ya kurudi kwa Bwana. Kanisa letu hapa Chake Chake ni dogo: watu wa bara tulioletwa Pemba na kazi za baba zetu, viti vya plastiki, feni moja. Leo hata feni ilikuwa inasikiliza. Amesema Bwana ni kama mwenye nyumba aliyesafiri. Atarudi wakati watumishi hawamtazamii, na heri yule atakayemkuta kazini. Kisha akaitaja kazi yenyewe: kumlisha mwenye njaa, kumvika asiye na nguo, kumtazama mgonjwa, kumtembelea mfungwa. Siku za mwisho, amesema, si za kukaa tukikodolea macho mawingu. Ni za kumwangalia jirani.

Nilisikia ubaridi mpaka vidole vya miguu. Nikayapitia maisha yangu. Usiku nalala. Shuleni nakaa. Nyumbani naosha vyombo, lakini vyombo vyetu wenyewe, sidhani kama vinahesabiwa. Akija sasa hivi atanikuta naandika!

Halafu Peresi. Ni binti wa mzee wa kanisa, tuko naye Kidato cha Pili. Baada ya ibada alishika ufagio mbele ya macho ya Mchungaji. Kanisa lilikuwa limeshafagiwa. Na amesema mwenyewe: Kila siku akitoka shule anapitia kufagia, apate kukutwa. Anataka kunitangulia mbinguni kwa ufagio. Haiwezekani.

Akaninong'oneza kwamba mjomba wake wa Mwanza amemtumia sauti kwenye simu. Kuna mtu huko ameoteshwa. Bwana anarudi Jumamosi hii! Nilimkimbilia Mchungaji. Akasema hakuna ajuaye siku wala saa, na simu ya Peresi inafaa ikae kwa mama yake. Nimelifikiria hilo njia nzima. Hakuna ajuaye siku. Hakuna ajuaye saa. Wiki hakuitaja.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimeanza na mwenye njaa. Shida ni kumpata.

Tunapanga vyumba viwili kwa Bi Mize, hapa Tibirinzi. Yeye na mjukuu wake Khairat, rafiki yangu wa dawati moja, wanakaa upande wa pili wa nyumba. Upande wetu una bati. Upande wao makuti, tena makuti ya zamani. Mvua ikinyesha Khairat hulala na sufuria kitandani, anaamka kulimwaga. Bi Mize alipopata bati mwaka juzi alituezekea sisi kwanza. Alisema wageni wamevuka bahari yote ile, hawezi kuwaacha wanyeshewe. Bati la upande wao litatoka kwenye karafuu za mwaka huu. Zimo uani, majamvi matatu, zinakauka. Kila nikipita zinanukia mpaka natamani kupiga chafya.

Lakini Bi Mize hana njaa. Nilimwuliza. Akaniuliza kwani nimepika nini.

Basi nikamkumbuka Mzee Haroub, kaka yake, anayekaa nyumba ya pembeni na goti lake bovu. Nikachukua maandazi yote ya Mama. Nilimkuta barazani, midomo mikavu, macho yamelegea. Njaa kabisa! Furaha niliyoipata! Nikamwekea sahani mapajani.

Akasema ahsante mwanangu, lakini leo Jumatatu, amefunga. Sunna.

Mtu mwenye njaa kuliko wote Tibirinzi, na hataki kula! Nikamwomba ajaribu moja. Akasema hivi mimi nimetumwa na mama yangu au na Ibilisi. Nikakaa naye mpaka magharibi, sahani nimeishika mwenyewe, asije mwingine akanipokonya mtu wangu. Ilipoadhiniwa akataka tende tu. Nilimtazama mpaka akala maandazi yote. La mwisho alilila amefumba macho.

Mama anauliza maandazi yamekwenda wapi. Nimemwambia ni hazina ya mbinguni. Hakufurahi.

Jumanne, 8 Oktoba

Asiye na nguo! Nimempata bila kumtafuta!

Seif mpagazi alikuwa anashusha magunia ya jirani, kifua wazi, jasho linamtiririka. Nikarudi ndani mbio nikachukua shati la kwanza lililonijia mkononi. Jeupe, la mikono mirefu, limepigwa pasi. Seif akasema shati lake lile pale, kalitundika ukutani lisichafuke. Nikamwambia alipokee hili, muda umebaki kidogo. Akauliza muda wa nini. Nikasema wa dunia. Akalipokea haraka sana.

Jioni nimegundua ni shati la Baba la kanisani. Lakini Baba hutengeneza mafriji, mpaka Jumapili hatalihitaji. Na Jumapili huenda sote tukawa tumevikwa mengine.

Jumatano, 9 Oktoba

Mfungwa. Afadhali nisiandike. Naandika.

Nilikwenda kituo cha polisi baada ya shule. Nikasalimia vizuri. Nikauliza kama wana mfungwa yeyote asiye na mgeni. Askari akauliza mfungwa gani. Nikasema yeyote, sichagui. Akauliza ndugu yangu kafanya nini. Nikasema hajafanya kitu, bado. Hilo neno "bado" ndilo lililoharibu.

Akasema mahabusu hamna mtu, mna baiskeli tu inayomngoja mwenyewe. Nikauliza kama ninaweza kuitazama hiyo. Akataka namba ya simu ya Baba.

Baba alikuja na bisibisi mkononi, kaacha friji la mtu wazi. Tulipofika mlangoni akasema katika nyumba yetu hakuna aliyewahi kuitwa polisi, na mtu wa kwanza amejipeleka mwenyewe kwa miguu yake. Mama akacheka mpaka akakaa chini. Baba akasema si jambo la kuchekesha. Kisha nikamsikia naye anacheka, bafuni, alikodhani hatusikii.

Na Peresi leo amefagia mpaka njia ya kwenda kanisani!

Alhamisi, 10 Oktoba

Habari njema: nimepata mgonjwa! Mzee Haroub. Tumbo, tangu Jumatatu usiku. Nilikwenda kumtazama. Aliponiona alifunika mdomo kwa mkono. Nikamwambia sikuleta chakula. Akasema alhamdulillahi, akanikaribisha.

Nilimweleza kila kitu, kwa sababu ni mtu mzima na huenda Jumamosi nisipate nafasi ya kuaga. Hakucheka. Akasema na wao wanajua Nabii Isa atarudi, hilo hatugombani. Ila anachojiuliza yeye, huyo atakayerudi akitukuta kila mmoja anatafuta maskini wa kumtia mfukoni mwake, atafurahi? Sikuelewa. Ana homa kidogo, masikini.

Jioni Bi Mize akaniita uani. Jumamosi yeye na Khairat wanakwenda Micheweni kwenye hitima ya marehemu dada yake, watarudi Jumapili. Baba kazini, Mama sokoni. Majamvi yake matatu ananiachia mimi. Akanionyesha, kama nimefika Pemba jana: nikiona wingu limekaza upande wa Vitongoji, nisingoje tone. Nikunje pembe za jamvi zikutane kati, niburute mpaka ukumbini. Karafuu iliyokaribia kukauka ikilowa tena haifai, inageuka nyeupe, inanuka, hakuna mnunuzi atakayeigusa. Akanishika kidevu, akasema, "Ntoto, bati langu hilo. Umenielewa?"

Nikasema ndiyo Bibi, ndiyo Bibi. Moyoni nilikuwa mbali. Kukaa kando ya jamvi! Mtu hawezi hata kuiita kazi. Haimo katika zile alizotaja Mchungaji.

Khairat nimemwambia kuhusu Jumamosi. Alicheka, akauliza nitapaa na viatu au vitabaki. Halafu akasema kama kweli nakwenda, basi nimwachie atlasi yangu, maana yake imelowa ukurasa wa Afrika yote. Nimemwahidi. Tulilia kidogo. Zaidi mimi.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimefua gauni jeupe. Nimelipiga pasi mbele na nyuma. Atlasi nimeiweka juu ya kitanda changu, na jina la Khairat.

Mtaa wa pili wanajenga turubai. Kesho ni harusi ya Asya, watu wanasema kutakuwa na beni. Masikini Asya! Kuolewa siku kama hiyo.

Jumamosi, 12 Oktoba, asubuhi

Leo!

Bi Mize na Khairat wameondoka alfajiri. Majamvi nimeyatandaza mimi, karafuu nimezisawazisha kwa kiganja kama alivyonifunza. Nimekaa kwenye kibao. Gauni jeupe nimelivaa. Mbingu nyeupe, hakuna wingu hata la kufutia kalamu.

Nimekaa.

Bado nimekaa. Kuku amepita. Nimemfukuza. Nadhani hilo linahesabiwa.

Nimekaa mpaka adhuhuri. Hakuna aliyeniona. Sasa wazo limenijia na haliondoki: Peresi muda huu anafagia. Akija sasa hivi, Peresi atakutwa na ufagio, mimi nitakutwa kwenye kibao! Kanisa si mbali. Nitakwenda mara moja tu, nifagie kidogo, nirudi. Jua kali. Karafuu haziendi popote.

Jumamosi, 12 Oktoba, jioni

Nitaandika kwa mpangilio.

Nilimkuta Peresi kanisani, naye kavaa jeupe! Nikaomba ufagio. Akasema ni wake. Nikasema ni wa kanisa. Akasema nikafagie kwetu. Nikashika mpini, naye akashika mpini. Tukazunguka. Tuliangusha viti vinne na mimbari ikasogea. Sisi hatukuona aibu, kila mmoja alikuwa anasema "niachie, niko kazini!"

Ghafla kanisa likawa giza.

Tukasimama. Dirishani palikuwa na wingu. Jeusi, refu, kingo zake zinang'aa dhahabu, linakuja kutoka Vitongoji kama ukuta unaotembea. Ngurumo moja. Na halafu, naapa, tarumbeta!

Tarumbeta! Kubwa, ndefu, inapanda!

Peresi akapiga magoti. Mimi nikaruka nje na ufagio mkononi. Na mtaani nikaona nilichokuwa nakingoja maisha yangu yote: watu wote wanakimbia! Wanawake wanatoka majumbani vichwa wazi, wanatupa vyungu. Wazee wanakimbia. Mtu mmoja karuka dirishani. Seif kanipita mbio na shati la Baba, mikono yake yote miwili mbele. Nikalia kwa furaha. Nikanyoosha mikono na ufagio juu, nikasema, "Niko hapa! Niko kazini!"

Mama mmoja akanigonga bega, akasema, "Mwanangu, umesimama nini, anua!"

Anua.

Watu hawakuwa wanakimbilia mbinguni. Walikuwa wanakimbilia majamvi. Ndiyo desturi yao hapa, nami naijua tangu utoto: wingu likikaza, hata kama wewe na mtu hamsemeshani, ukipita na jamvi lake liko nje, unaanua. Kwanza unaanua, ugomvi utaukuta baadaye. Na tarumbeta ilikuwa ya Asya. Beni la harusi, wanawahi kumaliza wimbo kabla ya mvua.

Majamvi ya Bi Mize!

Sijawahi kukimbia vile. Tone la kwanza lilinipiga njia panda. Nilipofika uani mvua ilikuwa imeshashika. Jamvi moja limo ukumbini. La pili lilikuwa linaingia: Seif ameshika upande mmoja, na upande wa pili Mzee Haroub, na tumbo lake na goti lake, anachechemea kinyumenyume anapiga bismillahi kila hatua. La tatu lilikuwa bado nje, karafuu zinaelea.

Nilitupa ufagio. Nilikunja pembe, moja ikaniponyoka, nikaanguka juu ya jamvi, nikainuka, nikaburuta. Gauni lilikuwa tope mpaka kifuani. Nilikuwa nalia, pua inatiririka, nimejipinda kama kamba, naburuta na kusema samahani Bibi, samahani Bibi.

Na hapo mlango wa uani ukafunguka. Bi Mize! Na Khairat nyuma yake. Hitima ilikwisha mapema, wakapata gari ya mtu. Hakuna aliyewatazamia kabla ya kesho.

Bi Mize alituangalia mmoja mmoja. Alifunga kanga kiunoni, akashika upande wa pili wa jamvi, tukaliingiza pamoja. Ndipo akauliza nani aliyekuwa akitazama wingu. Mzee Haroub akasema, huku anahema, "Si huyo hapo. Umemkuta yu kazini." Na akanikonyeza.

Khairat aliuokota ule ufagio uani. Akausoma. Umeandikwa jina la kanisa kwa rangi nyekundu. Akanipa, akaenda kuweka sufuria kitandani.

Jumapili, 13 Oktoba

Dunia ipo. Ninasikitika kuandika hivyo.

Kanisani Mchungaji aliuliza nani aliyesogeza mimbari. Peresi akanitazama, nikamtazama Peresi. Baba alikaa na shati la kazini lenye doa la grisi. La jeupe limerudi leo alasiri. Seif kalifua, kalipiga pasi, lakini madoa ya karafuu hayatoki. Alimwambia Baba kwamba lilimfaa sana, ila likirudi bila maelezo ya ule muda wa dunia yeye hatapata usingizi. Maelezo waliyataka kutoka kwangu. Nilitoa. Baba aliingia bafuni tena.

Karafuu: majamvi mawili yamepona. La tatu limeshaanza kubadilika, harufu yake unaisikia mpaka barabarani. Bi Mize amepiga hesabu kimya kwa macho akiangalia paa. Amesema bati litatosha juu ya kitanda cha Khairat. Kitanda chake yeye kitangoja msimu mwingine, mifupa ya zamani haiogopi maji. Nilijisikia vibaya sana. Sikuweza kula mpaka mchana.

Khairat amenisemesha baada ya chakula. Alisema atlasi ameikuta kitandani, na kwa kuwa sikwenda popote, anairudisha. Nikasema achukue. Akasema achukue kweli? Nikasema kweli. Akaifungua Afrika, kavu yote. Kisha akasema mara nyingine huyo mgeni wangu akija, nimwombe aje na turubai. Nadhani tumepatana.

Sasa ninafikiri kwa utulivu. Wiki hii nilijitayarisha vizuri, na hakuna aliyekuja. Mwenye nyumba kweli alirudi wakati hatukumtazamia, akanikuta naburuta jamvi. Lakini alikuwa Bi Mize tu.

Kosa liko wapi? Nimelitafuta, na nadhani nimelipata. Ni gauni. Kama angekuja Mwenyewe, angenikuta na tope mpaka kidevuni! Wiki ijayo lazima niwe safi. Pia nimepata wazo zuri sana kuhusu vipofu, nitahitaji ndoo na kamba ndefu. Peresi hatalijua mpaka amechelewa.

Bi Mize ameniita tena. Jua limetoka, majamvi mawili yameanikwa, anakwenda kumpongeza mama yake Asya. Akanikalisha kwenye kibao, akanigeuza uso upande wa Vitongoji kwa mikono yake miwili. Akasema leo nitatazama mimi, mpaka nijue. Nimesema ndiyo Bibi.

Basi nipo hapa, naandika kando ya majamvi. Karafuu zinanukia. Khairat amelala ndani na atlasi kifuani. Gauni nimelifua asubuhi, liko kambani nyuma ya nyumba, karibu kukauka, jeupe kama halijawahi kuona tope.

Kumeingia kivuli kwenye ukurasa.

Wingu! Kubwa kuliko la jana! Kingo zake dhahabu! Na upepo umeanza!

Safari hii sikosei. Nakimbia kuanua gauni.